Bei ya Kofia ya Mkono



Baadhi yenu mlioko bara, huko Ndalu na Kitale penye baridi, hufuma kofia za sufu kwa sindano ya kulabu baada ya kazi za nyumba. Jirani akitaka kununua moja, aambiwe bei gani?

Wengi, kwa haya, hutaja gharama ya uzi tu. Mikono ikawa imefanya kazi bure. Tuseme uzi ni shilingi 150 na kofia huchukua saa 4. Ukijilipa shilingi 50 kwa saa, bei ni shilingi 350. Ukiuza chini ya hapo, umetoa zawadi. Na zawadi ni njema, ilimradi umeinuia.

Tazameni kofia za viua za Lamu na Unguja. Kitambaa chake ni kidogo, lakini kila tundu huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huweza kuchukua miezi. Anayeinunua hulipia macho na subira ya mshonaji.

Basi andikeni saa zenu daftarini kabla ya kutaja bei. Mnunuzi asipunjwe, wala mfumaji asijidhulumu.