Anayepimwa Naye Ana Neno

MAZUNGUMZO YA JAMAA



Juma hili twataka kuzungumza juu ya jambo linalowahusu hasa wazazi wanaokaa Koni, Mwadingusha, Kapolowe na pande zote za mto Lufira, ingawa hata wasomaji wa mbali watapata faida. Jambo lenyewe ni hili: wataalamu wakija kwetu kuchunguza afya ya watu, wakiomba damu, mkojo, maji ya kisima na hata vumbi la uani, yatupasa tuwapokee namna gani?

Wako wanaofunga mlango na kukimbia. Wako wengine wanaonyosha mkono bila kuuliza neno, kama kondoo anayekatwa manyoya. Sisi twasema njia hizo mbili si njema. Iko ya tatu, nayo ndiyo inayomfaa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu: kushiriki katika kazi ile. Kushiriki ni kuuliza, kujibu kwa kweli, kutoa shauri, na kutaka kuambiwa matokeo.

Kwa nini wanakuja kwetu?

Kila mtu wa Koni aijua kazi ya maji. Mitambo ya umeme ya Mwadingusha ilianza kazi mwaka 1930, na ile ya Koni, chini yake katika mto uleule, ikafuata mwaka 1950. Umeme huo ulitumika katika kazi ya shaba ya Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata mwaka 1966. Nyuma ya bwawa la Mwadingusha maji yalitanda yakawa ziwa Tshangalele, na wavuvi wakapata riziki. Lakini vijito vinavyopita karibu na viwanda na machimbo ya Likasi navyo huingia Lufira. Maji yanayoleta samaki huleta pia vitu vilivyotupwa ndani yake.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, miongoni mwao Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na Profesa Benoit Nemery, walitangaza habari za mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakubwa kwa wadogo. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka machimbo au viwanda walikuwa na kobalti, shaba, risasi, urani na madini mengine mwilini kuliko waliokaa mbali. Tena watoto walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wazima. Wataalamu walisema kwamba vipimo hivyo vya kobalti ndivyo vikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa juu ya wakaaji wa kawaida popote. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2014, ulitafuta njia ambazo kobalti hupita hata kuingia mwilini, ukaonyesha kwamba chakula na vumbi ni miongoni mwa njia kubwa. Mtoto hucheza chini, kisha hutia mkono kinywani: basi vumbi la uani limekuwa chakula chake.

Mwaka 2020 ilitoka habari ya Lubumbashi. Walilinganisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na ulemavu wa kuonekana na watoto 108 waliozaliwa wazima. Hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa mtoto ambaye baba yake alifanya kazi ya machimbo. Hawakusema kwamba kila ulemavu watoka machimboni, lakini walisema jambo hili lisipuuzwe.

Sasa fikirini, wazazi. Mama aliyetoka kujifungua mtoto mwenye ulemavu, machozi hayajakauka, aliombwa kujibu maswali na kutoa damu, naye akakubali. Mama mwenye mtoto mzima naye, ambaye hakuwa na shida yoyote, aliombwa vilevile, akakubali. Pasipo yule wa pili, habari za yule wa kwanza zisingefaa kitu, maana mizani yahitaji sahani mbili. Wanawake hao hawakulipwa kwa dawa ya kuponya watoto wao. Walitoa ili watoto wa wengine wapate kuhifadhiwa. Twasema hiyo ni sadaka ya kweli.

Hofu ilitoka wapi?

Wazee wa Katanga wakumbuka hadithi za batumbula, watu waliosemekana kukamata wenzao usiku kwa ajili ya Wazungu. Pwani ya bahari waliogopa mumiani, wanyonya damu. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, hata Mapadri Weupe walisingiziwa kuwa banyama. Hatusemi hadithi hizo zilikuwa kweli. Lakini si vema kuzicheka tu. Hofu hiyo ilikua mahali ambapo watu walitendewa mambo mengi katika miili yao pasipo kuelezwa sababu.

Mfano mmoja umeandikwa vitabuni. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu 215,504 walipewa katika muda wa majuma sita dawa mpya ya kukinga ugonjwa wa kupooza, iliyokuwa bado kujaribiwa. Watu walikusanywa kwa taratibu za serikali ya kikoloni, ambayo desturi yake haikuwa kumwuliza kila mzazi shauri lake. Huenda nia ilikuwa njema. Hata hivyo nia njema ya mwenye sindano haiondoi haki ya mwenye mkono.

Kanisa lilikwisha sema neno juu ya jambo hili. Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio wa 12, akizungumza huko Roma na madaktari waliokutana juu ya magonjwa ya mishipa ya fahamu, alifundisha kwamba daktari hana juu ya mgonjwa haki nyingine ila ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba kutafuta elimu, ijapokuwa ni jambo jema, hakuruhusu kila tendo. Alisema hayo kwa sababu dunia ilikwisha ona maovu ya madaktari fulani wa Ujerumani katika vita, waliohukumiwa Nuremberg mwaka 1947. Mwaka 1964 madaktari wa dunia walikubaliana huko Helsinki juu ya kanuni za kumlinda mtu anayechunguzwa.

Nasi Wakristo tunao mfano ulio mkuu kuliko hizo. Kipofu Bartimayo alipopiga kelele kando ya njia ya Yeriko, Bwana Yesu alimwita, akamwuliza anataka atendewe nini. Je, Bwana hakuona kwamba mtu yule ni kipofu? Aliona. Hata hivyo alimwuliza kwanza, maana kumponya mtu ni pamoja na kumheshimu.

Mgonjwa anajua nini?

Pengine mtu atasema: Mimi sikusoma, nitamshauri nini profesa? Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Profesa ana mashine ya kupima kobalti, lakini hajui kwamba wakati wa kiangazi kisima hukauka na akina mama huteka maji kijitoni. Hajui bustani ya lengalenga humwagiwa maji gani. Hajui mboga huoshwa wapi, wala mume atokaye machimboni huvua nguo zake wapi, wala ni nani katika nyumba azifuaye. Hajui kwamba wanawake wengine wakiwa na mimba hula udongo, maana hakuna aliyemwambia. Akipima kisima tu, akaenda zake, ataandika kwamba maji ni safi, na kijiji kitabaki na ugonjwa wake. Mama mmoja aliyesema neno lake mapema angaliokoa kazi ya mwaka mzima.

Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, kiko kituo kikubwa cha uchunguzi wa magonjwa, kilichoanza mwaka 1989. Hapo nako maneno ya damu yalienea. Wakuu wa kituo hawakuridhika na kukasirika: waliwaomba wanakijiji wachague wajumbe wao wenyewe, watu wa kawaida, wanaokutana na wataalamu, wanaoleta manung'uniko ya watu na kupeleka majibu. Hofu haikwisha yote, lakini sasa iko njia ya kuisema.

Na matunda ya kushiriki yapo katika Kongo yetu. Mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995 alikubali baadaye kutoa damu yake. Kutoka damu ile wataalamu, pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, walipata asili ya dawa iliyojaribiwa katika Kivu ya Kaskazini toka Novemba 2018 hata Agosti 2019. Kati ya waliopewa dawa hiyo walikufa 35 katika kila 100, na kati ya waliopewa dawa nyingine ya kulinganisha walikufa 50. Mkongo mmoja alitoa damu yake kwa hiari, na Wakongo wengine wakapata uzima.

Maulizo matano

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Wataalamu wakija Koni, mkaribisheni mgeni, mpeni kiti, kisha mwulizeni haya kwa upole:

1. Ninyi ni nani, mmetumwa na nani, na fedha za kazi hii zimetoka kwa nani? Je, tume ya maadili imewapa ruhusa, na daktari mkuu wa zoni ya afya ana habari?

2. Mnatafuta kujua nini hasa, na kwa nini mmetuchagua sisi?

3. Mtachukua nini mwilini mwetu, kiasi gani, na itapelekwa wapi? Wakisema mililita 5 za damu, jueni kwamba ni kijiko kidogo kimoja cha chai.

4. Nikikataa, au nikikubali leo na kughairi kesho, je, nitatibiwa hospitalini kama kwanza? Jibu la haki ni ndiyo. Wakijibu vinginevyo, msiweke sahihi.

5. Matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani? Na mtoto akionekana ana neno baya, ni nani atakayemtunza?

Ulizo hili la tano ndilo linalosahauliwa zaidi. Mara nyingi vipimo vyetu husomwa Ulaya, na mama aliyetoa mkojo wa mwanawe hasikii neno tena. Hiyo si haki. Aliyepanda mbegu astahili kuonyeshwa mavuno, hata kama mavuno ni machungu.

Wajibu wetu

Haki ina ndugu yake, naye ni wajibu. Ukikubali, sema kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba anayeficha kwamba huchimba usiku kwa mkono, au mama anayeona haya kutaja mimba zilizoharibika, aharibu hesabu ya wote. Tena tusidhani kwamba uchunguzi ni dawa. Asiahidi mtu uponyaji, wala mtu asiudai kwa kipimo tu. Wala tusiwauze watoto wetu kwa sabuni na sukari. Kama watu wamepoteza siku ya kazi, ni haki kufidiwa; lakini ruhusa yenyewe isinunuliwe.

Neno moja kwa wanafunzi. Karatasi ya kuomba ruhusa mara nyingi imeandikwa kwa Kifaransa. Ninyi mnaokijua, wasomeeni bibi na babu zenu yote yaliyoandikwa, mstari kwa mstari, wala msiruke palipo pagumu kwa sababu mna haraka ya kwenda kucheza. Kidole gumba cha bibi chini ya karatasi ni sahihi kamili kama ya waziri. Yeye alitia wino kwa kuwaamini ninyi.

Mwisho, twatoa shauri. Utaratibu wa afya wa Kongo umeweka kamati ya watu katika kila eneo la afya, iitwayo CODESA. Ulizeni ni nani waliomo katika kamati yenu, na kama hukutana kweli. Jumuiya za Kikristo zikutane nao, na pawepo mvuvi, mama wa sokoni, mchimbaji, mwalimu, na mtu mmoja aliye mgonjwa au mzazi wa mgonjwa. Huyu wa mwisho asikosekane. Waandike katika daftari mambo wanayoyaona: samaki, vumbi, kikohozi, mimba zinazoharibika, miezi na miaka. Wataalamu wakija watakuta kijiji kimekwisha kuanza kazi. Na wasipokuja, daftari hilo litawapa ninyi neno la kusema mbele ya daktari wa zoni, mbele ya kampuni na mbele ya serikali.

Maana maji ya Lufira hayangoji. Watoto wanayanywa leo.

Hadi juma lijalo, Mungu azilinde jamaa zenu.