Usikichague chuo kwa jina la kozi tu

Matokeo ya KCSE yakitoka, mzazi, shangazi, jirani wa ploti na hata fundi wa viatu pale steji watakuuliza swali lile lile: "Unaenda kufanya kozi gani?" Ukisema udaktari au uhandisi, unapongezwa kabla hata barua ya chuo haijafika. Ukisema historia au falsafa, watu wanatazamana, kisha mmoja anauliza kwa sauti ya huruma kama kweli kuna kazi huko.

Hapa kwetu swali hilo lina maana. Kwenye KUCCPS unachagua kozi na chuo kwa pamoja, na ukishapangiwa takwimu, takwimu ndiyo yako. Lakini wewe unayewaza kutuma maombi Marekani, hasa kwa vile vyuo vidogo vya kibinafsi vya Wakatoliki, ukienda na swali hilo utakwama. Huko mara nyingi unaingia chuoni kwanza, somo kuu unalitangaza baadaye, kwa kawaida kufikia mwisho wa mwaka wa pili.

Mfumo wenyewe unaitwa sanaa huria, na jina hilo limewapotosha wengi. Wanasikia "sanaa" wanawazia uchoraji na maigizo. Si hivyo. Humo mna biolojia, kemia, hisabati, uchumi, lugha, na vingi siku hizi vina uhasibu na kompyuta. Tofauti ni kwamba husomi kitu kimoja. Unakuwa na somo kuu, unaweza kuongeza somo dogo moja au mawili, na juu yake kuna masomo ya lazima kwa kila mtu. Katika chuo cha Wakatoliki, masomo hayo ya lazima kwa kawaida hugusa falsafa na teolojia. Na kama wewe ni Mwislamu wa Eastleigh au Mprotestanti wa Kakamega, usiogope. Vyuo hivi hupokea watu wa dini zote na hakuna atakayekubatiza kwa nguvu. Lakini darasa la teolojia utakaa, na mtihani wake utafanya.

Kama unadhani hayo ni kupoteza muda, mtazame Wangari Maathai. Alimaliza shule ya wasichana ya Loreto Limuru mwaka wa 1959, na Septemba 1960 akawa mmoja wa Wakenya wapatao 300 waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani katika mpango uliosukumwa na Tom Mboya. Hakupelekwa New York wala Boston. Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas kando ya mto Missouri, katika chuo cha wanawake cha Mount St. Scholastica kilichoendeshwa na watawa wa Wabenediktini. Somo lake kuu lilikuwa biolojia. Masomo madogo yalikuwa kemia na Kijerumani.

Kijerumani! Hebu mwambie babako leo kwamba unaenda ng'ambo kufanya biolojia na Kijerumani, uone uso wake.

Alihitimu mwaka wa 1964, akafanya uzamili Pittsburgh, akarudi nyumbani mapema 1966 akiwa ameahidiwa kazi katika idara ya zuolojia ya chuo cha Nairobi. Alipofika, aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Aliyemchukua hatimaye ni Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen aliyekuwa katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Mwaka wa 1967 Wangari akaenda Ujerumani kuendeleza utafiti wake. Mwaka wa 1971 akapata uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mengine unayajua: miti, Karura, tuzo ya Nobel ya 2004. Hatusemi Kijerumani ndicho kilimpa kazi. Tunasema kwamba mlango wa kwanza ulipofungwa, alikuwa na zaidi ya kitu kimoja mkononi.

Chuo chenyewe bado kipo. Mwaka wa 1971 kiliungana na kile cha wanaume, St. Benedict's, kikawa Benedictine College, na leo kinafundisha hata unesi na uhandisi. Si vyote vya aina hii vilivyo hivyo. Vingine havina uhandisi kabisa, na ndiyo sababu hupaswi kuchagua kwa picha za majengo na theluji.

Sasa tuambiane ukweli, kwa sababu hapa ndipo familia huuza shamba. Ukiona "pre-med" kwenye orodha ya chuo, hiyo si shahada ya udaktari. Ni matayarisho. Marekani, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za udaktari huko hazipokei wageni kwa urahisi. Sheria ni vivyo hivyo. Rudi Nairobi na shahada ya biolojia na hakuna hospitali itakayokuita daktari. Anayetaka kufundisha sekondari naye atahitaji mafunzo ya ualimu yanayokubalika na TSC, hata awe amefaulu fasihi namna gani. Na shahada yoyote ya nje itabidi itambuliwe na tume ya vyuo vikuu, CUE. Yote haya yaulize kabla ya tiketi ya ndege.

Halafu pesa. Chuo kikikuandikia kwamba umepata udhamini wa nusu karo, mtaa mzima utasherehekea, lakini nusu ya karo ya chuo cha kibinafsi cha Marekani bado ni mamilioni ya shilingi kila mwaka, kabla ya chumba, chakula na bima. Ukisema utafanya hasla huko, jua kwamba viza ya mwanafunzi hukuruhusu kazi za ndani ya chuo tu mwanzoni, tena saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Hizo ni pesa za sabuni na simu, si karo.

Kwa hivyo kabla hujajaza fomu, keti na mzazi mwandikie chuo barua pepe. Uliza baada ya msaada wote, familia italipa kiasi gani kwa miaka yote minne, si mwaka wa kwanza pekee. Uliza udhamini unaondolewa alama zikishuka kufikia wapi. Uliza kama ukibadilisha somo kuu mwaka wa pili utamaliza kwa wakati, na wanafunzi wa kigeni waliohitimu juzi wako wapi. Wakikujibu kwa maneno matamu bila nambari, waandikie tena.