Tulizoziangalia Masika Hii: Baiskeli, Gitaa na Mama Aliyechoka Kusubiri



Mvua imetufungia ndani, nguo hazikauki, watoto wamechoka kucheza ukumbini, basi tumeangalia filamu mpaka macho yamekuwa mekundu. Wengi mnatuuliza kila siku, "Jamani, mnaangalia nini?" Haya, jibu hili hapa. Hatujasomea mambo ya filamu wala hatujidai. Sisi ni watu wa bisi, ubuyu na kusema na televisheni kama vile waliomo ndani wanatusikia. Tunatoa onyo mapema: tunasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo anayetaka kujionea mwenyewe aangalie kwanza halafu arudi.

Tuanze na ya nyumbani. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilitoka 2021, na imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma skuli kwa ajili ya mtihani, yaani tuliisoma kwa hofu. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Uzuri wa picha zake hatuna ugomvi nao. Vichochoro vya Mji Mkongwe tunavyopita kila siku na vikapu vya sokoni, mle ndani vinang'aa mpaka unajiuliza kama ni vile vile. Lakini hadithi inakwenda pole pole mno, na asiyesoma kitabu atauliza maswali mengi kuliko majibu atakayopata. Siti Amina yumo, na tungetaka kumwona zaidi. Mwajuma wa kitabuni ana ulimi, ana moyo na ana nyumba yenye nafasi ya mtu aliyekosa pa kwenda. Tulitaka Mwajuma ajae filamu nzima. Mkumbukeni huyo Mwajuma, tutamrudia.

Ya pili ni Wadjda, ya Saudi Arabia, iliyotoka 2012. Aliyeiongoza ni mwanamke, Haifaa al-Mansour, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya nchi ile, wakati ambapo hata majumba ya sinema hayakuwepo. Yalikuja kufunguliwa tena 2018. Kwa kuwa hakuweza kusimama barabarani na kuwaamrisha wanaume hadharani, bibi yule alikuwa akikaa ndani ya gari na kuwapa watu wake maelekezo kwa redio ya mkononi. Tulipolijua hilo tuliirudia filamu tena, na safari hii tulikuwa tukiangalia zile sehemu za barabarani kwa jicho jengine.

Hadithi yenyewe ni ndogo. Msichana wa Riyadh anaitaka baiskeli ya kijani iliyopo dukani. Bei yake riyali 800. Hana pesa, na mama anasema baiskeli si kitu cha mtoto wa kike. Basi Wadjda, ambaye hata darasa la dini alikuwa akilikwepa, anaingia mashindano ya Qur'ani kwa sababu mshindi anapata riyali 1,000. Wallahi tulicheka. Nani kati yetu hajawahi kuhifadhi juzuu huku akifikiria zawadi? Mwenye nia safi tangu utotoni anyooshe mkono.

Anashinda. Anaulizwa atafanyia nini zile pesa, anasema ukweli, na mwalimu mkuu anazichukua na kuamua zipelekwe Palestina. Hapo pakazuka mzozo sebuleni kwetu. Mmoja wetu alisema mwalimu kafanya vizuri, pesa zimekwenda kwenye haja kubwa zaidi. Wengine tulisema sadaka ya pesa za mtu mwengine, bila ridhaa yake, tena za mtoto, hiyo si sadaka. Mzozo ule bado haujaisha mpaka tunaandika haya.

Kilichotuuma zaidi ni ile sehemu ya ukuta. Kwao kumechorwa mti wa ukoo wa baba, una majina ya wanaume watupu. Wadjda anaandika jina lake kwenye kipande cha karatasi na kukibandika. Kesho yake anakuta kimebanduliwa. Hakuna anayepiga kelele, hakuna muziki wa kuliza watu. Kikaratasi hakipo, basi. Na baba mwenyewe wala si katili. Anamchekea mwanawe, anacheza naye, halafu anakwenda kuoa mke mwengine kwa sababu nyumba haina mtoto wa kiume. Usiku wa harusi ile mama na mwana wako juu ya dari ya nyumba, na mama kainunua ile baiskeli. Hii tunaipa nyota zote. Waangalie na mabinti kuanzia miaka kumi, na wavulana pia, tena wavulana hasa.

Sasa tuje kwenye ile iliyotukosesha usingizi.

Secret Superstar ni ya Kihindi, ilitoka Oktoba 2017, na ni ndefu kama saa mbili na nusu. Kwetu filamu ya Kihindi si jambo geni. Mabibi zetu walikuwa wakienda sinema mjini kwenye maonyesho ya wanawake watupu, wamejitanda mabuibui yao, na mpaka leo ukiwatajia Raj Kapoor na Awara ya mwaka 1951 watakuimbia. Kwa hiyo bibi mmoja alipojisogeza na kahawa yake tukajua tutapata maelezo ya bure.

Insia ni msichana wa miaka kumi na tano kutoka Vadodara, familia ya Kiislamu. Anapenda kuimba, ana gitaa. Baba yake, Farookh, anampiga mama yake. Mwanzoni tu mwa filamu mama anakwenda kumpokea mwanawe stesheni amevaa miwani meusi, na si kwa sababu ya jua. Mama huyo, Najma, anauza mkufu wake wa dhahabu kwa siri ili amnunulie binti kompyuta. Insia anavaa nikabu, anajirekodi na kutia YouTube bila jina, na dunia inampenda. Baba akija kujua habari ya mkufu, kompyuta inatupwa chini kutoka dirishani, na anayelazimishwa kuitupa ni Insia kwa mikono yake.

(Tunajua wapo watakaoandika kwamba muziki una maneno yake katika dini. Tunajua. Masheikh wameshalizungumza sana na leo silo tulilolijia.)

Tulilolijia ni Najma. Binti anamtafutia mama yake wakili, anamletea karatasi za talaka azitie saini, na mama anakasirika. Anakataa. Anauliza watakwenda wapi, watakula nini. Vijana wetu waliokuwa wakiangalia wakaanza kelele, "Saini! Saini!" Sisi watu wazima tulinyamaza, maana swali la Najma tunalijua. Tumelisikia kwenye vyumba vya kupika vya harusi, kwenye matanga, kwa wanawake tunaowaheshimu wanaovaa mikono mirefu siku ya joto kuliko kawaida. Na jibu wanalopewa ni neno moja, na mnalijua: subira. Mwanangu, subira. Subira yavuta heri.

Tuseme wazi maoni yetu. Subira ni ibada kubwa, na tunaiomba kila siku. Mtu anasubiri maradhi, ufukara, msiba, mume aliye safarini. Lakini kumwambia mwanamke asubiri ngumi ni kulitumia neno la dini kwa kazi ya kumficha mpigaji. Aliyetakiwa kuzuia mkono wake ni mwanamme, na yeye haambiwi subira na mtu. Tunaambiwa pia tusivunje nyumba za watu. Sawa. Ila ile nyumba ya Farookh nani aliyeivunja?

Lawama yetu kubwa kwa filamu hii ni hapo hapo. Uislamu mle ndani umekaa kwenye nguo na majina. Hatukuona mtu hata mmoja anayemwambia Najma kwamba dini yake mwenyewe ina mlango. Mlango anaufungua mwanamuziki mlevi mlevi, anayechezwa na Aamir Khan, kwa kumtafutia wakili. Wakati kila aliyekaa darsa anakijua kisa cha mke wa Thabit bin Qays, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) akasema hamtii mumewe ila katika tabia wala dini, lakini hawezi kuendelea naye. Akaulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na wakatenganishwa. Hakuambiwa aende akavumilie. Na katika maneno yake hayo hakutaja kupigwa! Hiyo ndiyo khului, na kwa mwenye kudhuriwa ipo faskhi, anayokwenda kuidai kwa kadhi. Mahakama ya Kadhi ipo Unguja na ipo Pemba. Mwanamke anayeujua mkufu wake una gramu ngapi anastahili kulijua na hili.

Najma anasaini mwisho kabisa, uwanja wa ndege. Wanahamia Riyadh, Insia ameshatafutiwa mchumba huko bila kuulizwa, mizigo imezidi uzito na baba anaamuru gitaa litupwe. Hapo ndipo mama anaposema basi. Mmoja wetu akashangaa, "Miaka yote ile ya kipigo, kaja kuachika kwa gitaa?" Tulibishana. Sisi tunaona halikuwa gitaa. Wanawake wengi kwa nafsi zao hawaondoki, ila ukimgusa mtoto wanapata miguu. Hilo ni la kusikitisha pia, kwa sababu maana yake mama hajihesabu kuwa ni mtu wa kuokolewa.

Bibi yetu alikuwa kimya na kahawa yake. Tulitegemea atasema maneno ya subira, wazee wetu ndio walimu wa neno lile. Aliposema, alisema hivi: "Huyo kachelewa. Pale mume alipotaka mimba itolewe kwa kuwa ni mtoto wa kike, ndipo palipokuwa pa kuondoka." Kisha akaomba kahawa nyengine.

Na ni kweli, mle ndani tunaelezwa kwamba Najma alimkimbiza Insia tumboni ili amzae. Alikimbia mara moja kisha akarudi. Sasa mrudieni Mwajuma wa Vuta N'kuvute. Yasmin aliozwa ana miaka kumi na tano kwa mzee wa hamsini na mbili, akatoroka, na nyumbani kwao hakupokewa. Aliyempokea ni shoga yake wa Ng'ambo, mwenye chumba kimoja na maneno mengi. Kadhi atakupa hukumu, lakini usiku wa kwanza unalala wapi? Swali hilo si la mahakama. Ni la mama, dada, wifi na jirani, na tunaona mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaomrudisha mtu kwa mumewe kabla uvimbe haujashuka.

Kuhusu mwisho, Insia anavua nikabu jukwaani na watu wanashangilia. Hapo hatukuridhika. Alivaa kumkwepa baba, kwa hiyo kwa hadithi yake ni sawa avue, ila tumechoka na filamu ambazo ushindi wa msichana wa Kiislamu lazima uonekane kwenye nywele zake. Na maisha yana mambo. Zaira Wasim, aliyecheza Insia, mwaka 2019 alitangaza kuacha kuigiza akisema kazi ile ilikuwa ikimweka mbali na imani yake. Walimwandama kwa maneno kila upande. Kwetu sisi, aliyechagua kuingia na aliyechagua kutoka ni msichana yule yule, na wote wawili tunawaheshimu.

Kwa watoto wadogo mkawaangalizie Children of Heaven ya Majid Majidi wa Iran, ya 1997. Ali anapoteza viatu vya mdogo wake Zahra, na kwa kuogopa kumwongezea baba mzigo wanavaa jozi moja kwa zamu, yeye mchana na Zahra asubuhi, wakipishana mbio kichochoroni. Kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu, na masikini Ali anashika namba moja. Mtoto wetu wa miaka sita alilia kwa sauti, halafu siku mbili nzima akawa anavipanga viatu vyake mlangoni bila kuambiwa. Siku ya tatu aliacha.

Inayofuata ni A Separation, ya Iran pia, na tumeambiwa tuwe na leso mbili. Mwenye nakala ambayo maandishi ya chini yanasomeka atuazime, tutairudisha na sahani ya visheti.