Dubu wa Nandi na Ng'ombe wa Majimoto

Afrika kusini mwa Sahara haina dubu. Waliokuwapo barani waliishi kwenye milima ya Atlasi, kaskazini kabisa, wakatoweka karne ya 19. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kenya walisimulia kwa uhakika habari za "dubu wa Nandi": mnyama wa usiku, mabega juu, mgongo umeteremka, mwendo wa kuyumba, anayevunja mafuvu ya kondoo ale ubongo. Mchungaji yeyote wa Mpimbwe, mkoani Katavi, Tanzania, akisikia sifa hizo atamtaja fisi bila kufikiri mara mbili, na baadhi ya mabaki yaliyopelekwa kwa wataalamu yalibainika kuwa ya fisi kweli. Wanandi wenyewe hawakuwa na dubu. Walikuwa na Chemosit, zimwi ambalo Mwingereza Hollis aliliandika mwaka 1909 katika kitabu chake kuhusu Wanandi: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Walowezi walilichanganya zimwi hilo na fisi, wakambatiza dubu kwa kuwa kwao dubu walikuwapo katika hadithi. Hapo ndipo penye hatari. Zimwi halina mwili wa kuchomwa mkuki, fisi anao.

Kuna watakaosema okapi wa misitu ya Kongo naye alidhaniwa hadithi hadi 1901. Walioona ni hadithi ni Wazungu. Wambuti wa Ituri walikuwa wakimwinda, wakimla na kuitumia ngozi yake, na ni vipande vya ngozi hiyo vilivyomfikisha kwa wanasayansi. Dubu wa Nandi hajaleta hata ukucha mmoja. Wengine watasema imani huhifadhi mazingira, na kwetu Katavi hoja hiyo ina uzito: mzimu Katabi, ambaye Hifadhi ya Taifa ya Katavi imepata jina lake, huaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka pale. Lakini Katabi amepewa mti wake akae. Hakuna aliyemvisha ngozi ya simba kisha akaenda kumsaka.

Simba wa Mpimbwe hawakuwa na bahati hiyo. Kwa miaka mingi aliyeua simba alizunguka vijijini akicheza ngoma na kupewa zawadi, mpaka ng'ombe, na zawadi hizo zikageuka kuwa sababu ya kuua simba ambaye hajagusa zizi la mtu. Sidharau uchungu wa aliyeamka akakuta ndama ameliwa; hasara hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana kanuni za serikali za 2011 ziliweka kifuta jasho, hata kama wengi hulalamika kuwa ni kidogo na hukawia. Ila hata hicho hakilipwi kwa uvumi. Kinalipwa kwa ushahidi, na ushahidi huwa chini, kwenye tope la pembeni mwa zizi: unyayo wa fisi huacha alama za kucha, wa simba na chui kwa kawaida hauachi, kwa kuwa wao huzificha wakitembea. Kwa hiyo, mfugaji wa Majimoto huku Mpimbwe, kabla ya kukusanya vijana na mikuki, zuia watu na mifugo wasikanyage hapo, kisha mwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori waje kuona asubuhi hiyo hiyo.