Zaka Isiyopaswa Kupokewa

Mkristo wa Kikula, hapa Likasi, anayelala katika nyumba aliyoipata pale jirani yake alipofukuzwa analala katika mali ya wizi. Miaka zaidi ya 30 haijaifanya iwe yake, wala zaka anayotoa haijaitakasa. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na tunajua itawaudhi baadhi ya wanaokaa viti vya mbele kanisani.

Tukumbushane. Agosti 15, 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Hasira ya wanasiasa ikawaangukia watu wasio na kura katika mkutano ule. Vijana wa UFERI, chama cha Nguz na cha aliyekuwa gavana wa jimbo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, waliwatoa Wakasai majumbani mwao hapa Likasi. Wengi walikuwa watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa na kampuni ya madini ya Union Minière tangu miaka ya 1920. Wakaitwa bilulu, wadudu. Maelfu walikimbilia stesheni na mashuleni, wakalala chini na mabunda yao wakingoja treni ya kwenda Kasai, kwao kwa jina tu, maana wengine walikuwa hawajaiona. Magonjwa yaliua watoto pale pale stesheni. Wengine walifia njiani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi.

Gavana alichochea, lakini si gavana aliyekwenda kuhamia katika nyumba ya jirani. Aliyehamia alikuwa mtu aliyebatizwa, aliyeshiriki meza moja ya Bwana na huyo aliyetolewa. Wapo waliowaficha jirani zao, na tunawaheshimu. Wapo pia wanaojitetea kwamba walinunua, na hati wanazo. Walinunua kwa bei gani? Mtu anayetia sahihi huku rungu liko mlangoni hajauza kitu, amenyang'anywa.

Dhamiri iliyonyamazishwa kwa jambo kubwa namna hiyo haiwezi kuamka kwa madogo. Ndiyo maana leo mnunuzi wa madini anaomba kwa sauti kabla ya kufungua depo, kisha anamsomea mchimbaji kiwango cha uongo kwenye metorex, mashine ya kupimia madini ambayo mchimbaji hawezi kuikagua. Mchimbaji amekesha shimoni usiku kucha; akikataa bei, atabeba gunia lake aende wapi? Sokoni, meka, kopo la kupimia unga, imebonyezwa kitako, na mwenye nyumba anampangia boyi wake sala za jioni huku mshahara wa miezi miwili hajamlipa. Nabii Amosi aliwakemea watu wa aina hii hasa, waliongoja sabato iishe ili warudi kwenye mizani yao ya hila.

Tunaambiwa tusifukue ya kale, kwamba Kyungu mwenyewe alifariki mwaka 2021 na mambo yake yamezikwa naye. Waliopoteza nyumba hawajafa wote, na watoto wao wanazijua hizo nyumba kwa mtaa na kwa mlango. Tena maneno yale ya chuki yanasikika upya kila Wakasai wanaposhuka na magunia yao Katanga kutafuta riziki. Katika Injili, Zakayo hakuishia kuomba radhi. Aliahidi kurudisha mara nne. Mahubiri ya toba tunayosikia hapa yanakoma kabla ya kufika kwenye kurudisha, na wahubiri wanajua kwa nini.

Basi mapadri na wachungaji wa Kikula wafungue daftari la madai ya nyumba, kila parokia na kila usharika. Pande zote zisikilizwe, na wazee walioshuhudia waandikishe ushahidi wakiwa bado hai. Penye nyumba isiyoweza kurudishwa, fidia ipangwe na ilipwe hata kwa awamu. Atakayekataa kukaa mezani na mwenye dai, zaka yake isipokewe.