Jicho na Sikio Kwenye Kichupa cha Dawa



Jumapili moja hapa Songea mama mmoja alinifuata baada ya ibada, mtoto mgongoni akilia. Jicho moja lilikuwa limevimba, jekundu kama nyanya. "Sista, mbona dawa hii inamchoma?" Nikakishika kile kichupa. Kimeandikwa "ear drops". Nyumbani vilikuwapo viwili, kimoja cha kaka mtu anayeumwa sikio, naye usiku alichukua hicho.

"Eye" ni jicho, "ear" ni sikio. Yote mawili yana herufi tatu, yote yanaanza na e, na vichupa vyenyewe hufanana kama mapacha. Hata jina la dawa huweza kuwa moja. Kloramfenikoli, kwa mfano, hutengenezwa ya macho na ya masikio. Ya macho kwa kawaida ni asilimia 0.5, na ya masikio huwa asilimia 5, yaani mara kumi zaidi. Mimi huwafundisha wenzangu hivi: "eye" ina e mbili kama macho mawili, na y katikati ndiyo pua. Sikio halina pua.

Ukikosea, mwoshe mtoto jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali na kichupa mkononi. Yule wetu tulianza kumwosha pale pale kwenye bomba la kanisa, na baada ya siku chache alipona.

Kuna na vijiko. "Teaspoon" ni kijiko cha chai, mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa cha mezani, mililita 15. Kwa kifupi huandikwa "tsp" na "tbsp", na kwa herufi b hiyo moja mtoto hunyweshwa dozi tatu kwa mkupuo. Parasetamoli ikizidi huweza kuumiza ini. Tena vijiko vya jikoni havilingani (vyangu mwenyewe havifanani hata viwili!), kwa hiyo pima kwa kikombe kidogo chenye mistari kinachokuja na chupa, au kwa bomba la sindano lililotolewa sindano.

Usione aibu kuuliza. Kiingereza hicho hata sisi tuliokisomea hutupiga chenga. Ukiwa dirishani, mwombe mtoa dawa akuandikie kwa kalamu, kwa Kiswahili: JICHO au SIKIO, na mililita ngapi. Akinuna, mwache anune, wewe subiri hapo hapo mpaka aandike.