Kanada Isigawe Fedha za Kifaransa Bila Masharti

Mwaka 2023 serikali kuu ya Kanada ilitangaza mpango wa miaka mitano wa lugha rasmi, wenye thamani ya dola bilioni 4.1. Miongoni mwa walengwa wakuu ni watu wapatao milioni moja wanaotumia Kifaransa nje ya jimbo la Quebec: Waakadia wa New Brunswick, koo za zamani za Ontario na Manitoba, na wahamiaji wa miaka ya karibuni kutoka Kongo, Burundi na kwingineko Afrika. Mpango wa kwanza wa aina hiyo, wa mwaka 2003, ulikuwa wa dola milioni 751. Fedha zimepanda, lakini uwiano wa watu hao umeshuka: mwaka 1971 walikuwa asilimia 6.1 ya wakazi wa nje ya Quebec, na mwaka 2021 wakawa asilimia 3.3. Wapo wanaotazama takwimu hizo na kusema mlipakodi anaibiwa. Mimi nasema fedha ni halali, tena zinahitajika, ila swali ambalo Ottawa imelikwepa kwa muda mrefu ni nani anayekabidhiwa, na kwa masharti gani.

Yaliyotokea British Columbia yanatosha kuonyesha hatari. Mwaka 2008 serikali kuu ilisaini mkataba wa kuikabidhi serikali ya jimbo huduma za kuwasaidia watu kupata kazi, pamoja na fedha zake. Kabla ya hapo mashirika matano ya Kifaransa yalikuwa yakifanya kazi hiyo. Mtu aliyetoka Bukavu au Bujumbura aliweza kuingia katika ofisi kama hiyo, akasaidiwa kuandika wasifu wake, akafanyishwa mazoezi ya usaili na kuelekezwa waajiri walipo, yote kwa lugha anayoimudu. Hapo hapo alikutana na wenzake, akajua shule ya Kifaransa iko mtaa gani. Jimbo lilipopanga upya huduma, mashirika hayo yalipoteza mikataba yao, kwa kuwa makubaliano hayakuwa na kifungu chenye nguvu ya kuyalinda. Ilibidi wazungumzaji wa Kifaransa wa jimbo hilo waende mahakamani, na ni Januari 2022 tu ndipo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilipowapa haki. Kwa muda wote huo fedha ziliendelea kutoka Ottawa. Kilichovunjika ni mahali ambapo jamii ilikuwa ikijijenga, na mahali pa namna hiyo hapafufuki kwa hukumu.

Chuo Kikuu cha Laurentian mjini Sudbury kinafundisha somo hilo hilo kwa njia nyingine. Kilikuwa na masomo ya Kiingereza na ya Kifaransa chini ya uongozi mmoja. Kilipofilisika mwaka 2021, kilifuta programu 69, na 28 kati ya hizo zilikuwa za Kifaransa, ingawa wanafunzi wa Kifaransa walikuwa wachache chuoni. Linganisha na Hospitali ya Montfort ya Ottawa, ambayo tume ya jimbo la Ontario ilipendekeza ifungwe mwaka 1997. Montfort ilikuwa na bodi yake, ilifundisha madaktari na wauguzi kwa Kifaransa, na maelfu ya watu walijitokeza kuitetea. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya Ontario iliizuia serikali ya jimbo kuinyang'anya huduma zake. Hadi leo inatibu na kufundisha.

Wapinzani wana hoja zinazostahili kujibiwa. Wengi mno wa watu hawa wanajua Kiingereza, kwa hiyo huduma ya pekee ya nini? Lakini Manitoba iliondoa hadhi ya Kifaransa kwa sheria mwaka 1890, na Ontario, kwa Kanuni ya 17 ya mwaka 1912, ikakibana darasani kisizidi miaka miwili ya mwanzo. Serikali zilizolazimisha hali hiyo haziwezi sasa kuifanya sababu ya kufunga mkoba. Hoja nzito zaidi ni ya lugha za wenyeji asilia, zaidi ya 70, zilizopigwa vibaya kuliko Kifaransa. Wenyeji hao wanadai haki kubwa, na wanaidai kwa msingi huu huu: fedha ziwe chini ya mamlaka yao. Kuwanyima wazungumzaji wa Kifaransa hakutawaongezea wao senti.

Majimbo nayo husema kwamba masharti ya Ottawa ni kuingilia madaraka yao. Katika shule, dai hilo lilikwishapata jibu. Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa mwaka 1982 kinawapa wazazi haki ya elimu ya Kifaransa, na mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Alberta, Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo yaweza kujumuisha kuziendesha shule zenyewe. Jimbo halikufa kwa uamuzi huo. Basi kanuni hiyo ivuke mlango wa shule, ifike kwenye ajira, afya na malezi ya watoto wadogo. Sheria ya lugha rasmi iliyorekebishwa mwaka 2023 inazitaka taasisi za serikali kuu zihimize kuwekwa kwa vifungu vya lugha katika mikataba na majimbo, lakini kuhimiza si kulazimisha. Mkataba wa malezi ya watoto usisainiwe mpaka utaje nafasi ngapi zitakuwa za Kifaransa, katika miji ipi, na shirika gani la wazazi litakaloziendesha.